Tusiambiane Linux ni bure

Wanaoipigia debe Linux, mfumo endeshi unaokaa mahali pa Windows, huanza na hoja moja: ni bure. Huku kwetu hoja hiyo haina kichwa wala miguu. Nani kati yetu amewahi kulipia Windows? Kompyuta ikianza kusumbua unaipeleka kwa fundi, unamwachia elfu kumi, jioni unaifuata imeshapigwa Windows mpya na Office juu yake. Mtu aliyezoea hivyo ukimwambia kuna mfumo endeshi wa bure, anakutazama kama umemwambia baharini kuna maji.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, sekondari, Morogoro. Kompyuta sikuisomea. Nilihamia Mint, moja ya aina za Linux, likizo ya Juni 2025, na sababu haikuwa bei. Ilikuwa flashi.

Nilikuwa nimechapa mtihani wa Kidato cha Pili nyumbani, nikaupeleka steshenari kuprinti nakala ya kuhakiki. Usiku nikaona swali la nne lina kosa. Nachomeka flashi, folda ya mitihani ipo, jina lake lile lile, ila ina kishale kidogo pembeni na ukubwa wake ni KB 1. Nikaibonyeza. Nikaibonyeza tena, kwa hasira. Kila flashi niliyochomeka kwenye ile laptopu baada ya hapo, na ya mwalimu mwenzangu ikiwemo, ilitoka na ugonjwa uleule.

Mtoto wa dada yangu anasoma Sokoine na alikuja kula kwangu Jumapili. Akaichukua flashi, akaichomeka kwenye kompyuta yake, yenye Linux. Nikaona vitu viwili vimekaa bega kwa bega: kile cha uongo chenye KB 1, na folda yangu halisi. Akafuta cha uongo kama anavyofuta vumbi mezani. "Mama mdogo, mtihani wako huu hapa." Hakuendesha antivairasi yoyote.

Alinieleza huku anakula, na nimekuja kuthibitisha mwenyewe mara nyingi. Kirusi cha aina ile hakili mafaili. Hulificha folda lako na kuweka mbele yake njia ya mkato yenye jina hilohilo, ili ukiibonyeza uwe umekiamsha kirusi kwa mkono wako mwenyewe. Windows huiheshimu ile alama ya "nifiche". Linux haiijali, na ile njia ya mkato ni amri iliyoandikwa kwa lugha ya Windows. Ikifika hapa haina wa kumtuma. Sisemi Linux haishambuliwi. Seva zinazoendesha intaneti nyingi ni za Linux, na zinashambuliwa kila siku. Nasema vijidudu vya steshenari zetu havina chakula humu.

Tukirudi kwenye hiyo bure ya fundi. Kaa siku moja kibandani kwake utazame. Akishapiga Windows, jambo linalofuata ni kuzima antivairasi. Lazima aizime, maana kile kiprogramu cha kuidanganya Windows kwamba imelipiwa, antivairasi ikikiona tu inakifuta. Anakifungua, anakipa ruhusa zote, dirisha jeusi linatokea na kupotea, kazi imekwisha. Hapo umempa ufunguo wa nyumba mtu usiyemjua, na fundi naye hamjui. Alikitoa kwenye flashi ya fundi mwenzake. Kisha unaingia kwenye barua pepe yako kupitia kompyuta hiyohiyo. Simlaumu fundi. Sisi ndio tunaomwomba.

Kwa hiyo kwangu tofauti si kati ya kulipa na kutolipa, ni kati ya cha kuokota na cha kupewa. Leseni inayosimamia kiini cha Linux inaniruhusu kukitumia, kukinakili, kukichokonoa na kumpa jirani. Nimewawekea walimu wawili kwenye flashi na sikulazimika kunong'ona. Mint yenyewe imejengwa juu ya Ubuntu, Linux nyingine iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina hilo mwalimu wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Muntu ni mtu, ubuntu ni utu. Enzi za mwanzo walikuwa wakikutumia CD kwa posta popote ulipo, bila kulipa hata stempu. Nilikuwa sijui.

Kingine nilichokuwa sijui kiko karibu zaidi na nyumbani. Mwaka huohuo wa 2004, kwenye mradi uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, OpenOffice, programu za ofisi kama zile za Microsoft Office, ilitafsiriwa kwa Kiswahili na kutolewa kwa jina la Jambo OpenOffice. Ilifanyika kwa sababu msimbo wake ulikuwa wazi. Yeyote mwenye nia na subira aliweza kuingia akabadilisha maneno. LibreOffice ninayotumia leo ilichipuka kutoka OpenOffice hiyo mwaka 2010. Menyu zangu nimeziacha kwa Kiingereza, nakiri, kwa sababu ndizo vidole vyangu vimezizoea. Lakini miaka yote niliyochapa mitihani ya Kiswahili, kila neno lilipigiwa mstari mwekundu. "Fasihi" kosa. "Ngeli" kosa. Karatasi nzima imewaka kama ya mwanafunzi aliyefeli, na aliyefeli ni mwalimu. Kwenye Mint nikatafuta kifurushi cha kukagua tahajia za Kiswahili, nikakiweka, na mistari ikapungua hadi kubaki kwenye majina ya watu na kwenye makosa yangu ya kweli. Siku ya kwanza ilinishika "kiangalizi" nilichokuwa nimekiandika "kiangilizi". Nilicheka peke yangu sebuleni.

Kuhama kwenyewe kulichukua chini ya saa moja. Kijana alishusha faili la Mint chuoni, karibu GB 3, ili asimalize bando langu, akaliandaa kwenye flashi. Laptopu yangu ni ThinkPad: unaiwasha huku unabonyeza F12, unachagua flashi, na Mint inafunguka bila kugusa chochote kilichomo kwenye diski. Unaweza kukaa humo siku nzima ukijaribu Wi-Fi, sauti na printa kabla hujaamua. Usiruke hatua hii. Ya pili, kunakili mafaili yako yote pembeni kabla ya kufuta Windows, niliiruka mimi: tulinakili folda la nyaraka tu, tukasahau kwamba kila kitu changu cha maana hukaa deskitopu, kama hela kwenye pindo la kanga. Alama za Kidato cha Tatu zikaenda na Windows. Nilizichapa upya kutoka kwenye daftari, majina mia na kitu, na kijana aliniletea chai bila kuombwa.

Miezi michache baadaye, tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilifunga huduma za kawaida za Windows 10. Kompyuta haizimiki siku hiyo, ila viraka vya usalama vinakoma, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa muda. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha wachache. Yangu ni ya kizazi cha nne, RAM GB 4, niliinunua ya mtumba kama wengi tunavyonunua. Mint 22 imeahidiwa masasisho hadi Aprili 2029, na inaridhika na RAM hiyohiyo. Tena masasisho yanasubiri niyaruhusu. Ile laptopu ilipokuwa na Windows ilikuwa ikijishushia yenyewe usiku, asubuhi bando limekwisha. Kuna mahali pa kuizuia, niliambiwa nikiwa nimeshahama.

Kasi je? Hapa watu wa Linux hutia chumvi. Mint ilipoingia, kompyuta iliwaka haraka kidogo kuliko zamani, basi. Iliyobadilisha maisha ni SSD, diski isiyozunguka, niliyoiweka mwezi wa Agosti. Kama una hela ya jambo moja tu, toa diski ya kuzunguka weka SSD, hata ukibaki na Windows yako.

Na kuna mambo yamenishinda. Faili la matokeo tunalopewa kazini ni la Excel lenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili: unajaza alama, unabonyeza kitufe, linapanga pointi na divisheni. Kwenye LibreOffice alama zinaingia vizuri, kitufe kimenuna. Siku za matokeo nabaki ofisini hadi jioni kwenye kompyuta ya shule. Nyaraka za watu wengine zikifika kwangu majedwali yanahama kidogo kwa sababu ya fonti, kwa hiyo chochote kinachokwenda kuprintiwa nakipeleka kikiwa PDF. Printa yangu iliprinti siku ya kwanza, skana yake ikagoma wiki mbili. Rafiki yangu mpiga picha za harusi alipouliza nikamkataza: Adobe hawatengenezi Photoshop ya Linux, na yeye mkate wake umo humo. Mwanangu naye alinuna kwa sababu ya gemu fulani, nikamwambia asome.

Kwa mtu ambaye kompyuta yake ni ya kuchapa, kusoma barua pepe, YouTube, fomu za mtandaoni na picha za familia, mimi sioni anachongoja. Asiyetaka kubadilisha kitu kinachofanya kazi, namwelewa pia. Nina mmoja ndani ya nyumba. Laptopu ya Baba Neema ina programu ya mahesabu ya dukani inayotaka Windows, na leseni yake ya Windows ameinunua kwa risiti, kwa hiyo sina la kumwambia. Nimeona tu kwamba siku hizi akitoka mjini na flashi haichomeki kwake. Anaipitisha kwangu kwanza, anasimama nyuma ya kiti, ananiuliza, "Kuna nini humo?"