Leo Leo Tu, Madhabahuni

Mimi nauza mitumba Karume. Siku sita koo langu ndilo linalonilisha: "Chaguo la kwanza hilo dada, gusa kitambaa! Leo leo tu, kesho hulikuti!" Jumapili nakwenda kanisani ili koo lipumzike. Sasa juzi mhubiri kapanda, kashika maiki, jasho linamtiririka, akasema: "Leo leo tu! Ukitoka hapa mikono mitupu, kesho mlango huu haupo!"

Nikageuka haraka. Nilidhani yule jirani yangu wa meza ya masweta kanifuata mpaka ibadani.

Jamani, hayo maneno ni yangu! Nimeyapigia jua miaka kumi na mbili. Nani kayahamishia huko?

Mama yangu ni Mlutheri wa Machame. Kengele ikilia imelia, usipokwenda mzee wa kanisa anakuja mwenyewe nyumbani kuuliza unaumwa nini. Leo tunabembelezwa kwa bango barabarani: SIKU SABA ZA KUPENYA, USIPANGE KUKOSA, NJOO UPOKEE MUUJIZA WAKO. Muujiza *wako*! Kama mzigo wangu umekwama bandarini na mimi ndiye nachelewesha kwenda kuutoa. Chini kabisa, kwa maandishi madogo kuliko ya dawa ya mende, lipa namba.

Upako nao. Mimi upako niliujua kwa Daudi, kijana kaitwa kutoka malishoni, Samweli kammiminia mafuta ya pembe, basi, wala hakudaiwa chenji. Siku hizi upako una ujazo. Kuna chupa ndogo, ya kati na ya familia. Mke wangu kaleta ya familia. Nikauliza hii imezidi nini nyingine, akanijibu bila kupepesa macho: "Inakaa." Mwanamke yuleyule akienda dukani kununua mafuta ya alizeti huwa anagombania hadi jero.

Hapo kwenye mafuta huwa nacheka halafu nanyamaza, maana Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiyakimbilia mafuta ya upako. Mimi najua jinsi watu wanavyokimbilia belo likifunguliwa. Nimewahi kuvunjwa kidole. Lakini belo ni nguo.

Sasa mwenzenu nikafungua Matendo ya Mitume, sura ya 8. Yumo Simoni wa Samaria, kamwona Petro anaweka mikono watu wanapokea Roho, akatoa fedha auziwe na yeye uwezo huo. Petro akamwambia: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe." Masikini Simoni, kazaliwa mapema mno! Angekuja mjini kwetu leo angepewa kiti cha mbele chenye mto, maji ya chupa, na cheti cha mshirika wa ngazi ya dhahabu.

Na usidhani maneno yanahama upande mmoja. Mtandao wa simu unaniandikia nipokee baraka za sikukuu. Nikifungua, ni bando la saa 24. Wiki ileile kijana kasimama kutoa ushuhuda, kapata kazi, akasema: "Wapendwa, mkeka wangu wa maombi umetiki!" Kanisa zima haleluya. Mzee mmoja nyuma yangu akaniuliza taratibu, mkeka gani huo, wa kusalia? Nikamwambia ndiyo, mzee. Ningemweleza nini, pale katikati ya ibada, habari za kubeti?

Nilikuwa najiona msafi mpaka juzi usiku. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, mfukoni nina nauli. Nikapiga magoti kando ya kitanda, mke wangu pembeni.

"Ee Mungu, mimi mteja wako wa siku nyingi..."

Mke wangu akafungua jicho moja. "Baba Neema, unaomba au unaomba upunguziwe?"

Nikaanza upya. "Bwana, wakumbuka ile mbegu ya elfu kumi niliyopanda mwezi wa tatu? Mpaka leo..."

"Baba Neema!"

"Si nakumbushia tu!"

"Unadai."

Basi nikasema nisijitungie, niende na ile aliyonifundisha mama, ambayo hata nikilala naijua. Baba yetu uliye mbinguni, sawa. Jina lako litukuzwe, sauti imetulia, mke wangu kafumba macho yote mawili. Ufalme wako uje. Nikaanza hata kusikia machozi yananikaribia.

"Utupe leo..." nikasema.

Na koo, si mnajua koo la mitumba, likaendelea lenyewe: "...leo leo tu!"

Mke wangu akazima taa.