Kikifunguka, kifunguke kwa wote

Wiki iliyopita nilikaa na binamu yangu akijaza fomu ya kuomba chuo kwenye simu. Haoni tangu utotoni. Anatumia TalkBack, programu ya Android inayosoma kwa sauti kilichomo kwenye skrini, naye anatelezesha kidole kutoka kitu kimoja hadi kingine. Mara ikaanza kumsomea: jina la mwajiri, anwani ya mwajiri, miaka ya kazi.

"Kaka, mbona wananiuliza mambo ya kazi, na mimi ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha sita?"

Nikatazama. Pale palikuwa na nafasi nyeupe tu.

Chini kidogo paliandikwa "Ongeza cheti". Mimi nilipogusa, sehemu ya cheti ikajitokeza. Yeye alikuwa ameshapapita, kwa sababu TalkBack ilisoma maneno yale bila kutaja kwamba ni kitufe. Yaani kilichofichwa alisomewa, na cha kufungua hakukijua.

Kutengeneza kurasa za wavuti ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nilifungua msimbo wake, yaani maandishi yanayouunda ukurasa. Sehemu ya mwajiri ilifichwa kwa opacity: 0, agizo la mwonekano. Hiyo haifichi kitu, inakifanya kipenyeze mwanga tu: nafasi yake inabaki, kinasomwa, na hata kujazwa kinajazwa. Ingewekwa hidden, au display: none, ingeondoka machoni na masikioni kwa pamoja. "Ongeza cheti" nayo ilikuwa div, yaani kisanduku kitupu cha ukurasa, iliyopakwa rangi ikafanana na kitufe. Div haijui kwamba ni kitufe. Tegi ya button, yaani alama ya kitufe halisi, inajitangaza yenyewe, inafikiwa kwa Tab, inaitika Enter na Space, bila wewe kuandika chochote cha ziada.

Hapa nawalaumu tunaofundisha, nikiwemo mimi. Somo la mwanzo la JavaScript, lugha inayoufanya ukurasa uitike, huwa ni lilelile: bonyeza, kitu kitokee. Kikitokea, tunapiga makofi na kuendelea. Hatumwambii mwanafunzi aweke alama ya aria-expanded kwenye kitufe, iwe false kikiwa kimefungwa na true kikifunguliwa, ili asiyeona aambiwe kuna kilichofunguka. Wala hatumwambii kwamba kinachofunguka kikae mara tu baada ya kitufe, ambapo kidole kitakikuta. Kuna na mtego mmoja uliowahi kunila saa nzima: ukiipa sehemu hiyo display: flex kwenye CSS, lugha ya kupamba ukurasa, hidden inazidiwa nguvu na sehemu inabaki wazi.

Na mara nyingi JavaScript yenyewe haihitajiki. HTML, lugha inayoujenga ukurasa, ina tegi za details na summary. Unaandika kichwa ndani ya summary, maelezo chini yake, basi. Kivinjari kinafungua na kufunga chenyewe. Kati ya vivinjari, Firefox ilizipokea mwaka 2016, Edge mwaka 2020, Chrome na Safari zilishatangulia. Mtandao ukikatika kabla faili la JavaScript halijafika, kitufe cha kawaida kinakuwa pambo, lakini details inafunguka vilevile. Kwa maswali na majibu, au maelezo marefu ya ada, mimi sitafuti kingine.

Nimewaandikia wenye fomu ile, nikawaonyesha mistari ya kubadilisha. Haifiki kumi. Fomu ya binamu tuliimaliza saa tano usiku, yeye akinitajia alama zake na mimi nikigusa pale ambapo simu haikumwambia aguse.