Mshahara Mnono: Sijapewa, Lakini Nimekataa

Kabla hamjaniuliza: hapana, hakuna aliyenipa kazi ya mshahara mnono. Nimeikataa mapema tu, asije mtu akajisumbua kunitafuta. Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga. Nina pampu moja, beseni la maji la kutafutia pancha, na benchi la wateja ambalo wateja hawalikalii kwa sababu limejaa wasomi wasio na baiskeli. Hao wasomi ndio walionichosha.

Tangu tulipoanza kusikia habari za bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443 mpaka hapa kwetu Chongoleani, benchi langu limegeuka ofisi ya ajira. Zamani tulikuwa tunagombana kwa ajili ya Coastal Union na African Sports, mtu ananuna siku mbili, wa tatu anarudi. Siku hizi ni "mhandisi wa mafuta anakula ngapi?" na "mchomeleaji wa bomba anakula ngapi?" Wanataja mamilioni na mdomoni mna kashata ya kukopa. Mafuta yenyewe nasikia yana nta, kwa hiyo lazima yapashwe joto la nyuzi kama 50 njia nzima yasigande. Yanabembelezwa hivyo kutoka Uganda! Mimi chai yangu inatoka hapo ng'ambo ya barabara na inafika baridi.

Mke wangu naye kazipata habari. Usiku nimelala zangu, ananigusa bega. "Baba watoto, wenzio wanawaza kazi za maana. Wewe utakufa na kiraka mkononi." Nikakaa kitandani. Nikamwambia haya, mama, tuzichambue hizo kazi za maana, moja moja, uniambie ipi ya kuitamani.

Udaktari? Miaka 5 ya chuo, mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo, na ukitaka ubingwa ongeza mingine 3. Unaanza na ndevu za kwanza, unamaliza na mvi za kwanza. Halafu hakuna daktari aliyewahi kwenda msibani akalia kwa raha. Anainamisha kichwa tu, jirani anamsogelea, anapandisha suruali: "Dokta, hebu tazama hili jipu." Nasikia Marekani daktari wa nusu kaputi ni miongoni mwa wanaolipwa fedha nyingi kuliko watu wote. Kwa kulaza watu! Hapa mtaani kuna wazee wakishika kipaza sauti mkutano mzima unalala bila sindano, na hawajadai hata nauli.

Urubani? Kupata leseni ya juu kabisa, ile ya kuwa nahodha wa ndege za abiria, lazima uwe na saa 1,500 angani. Kisha kila baada ya muda unapimwa afya, presha ikikutwa imepanda leseni inakaa kando na wewe unakaa nayo. Mimi presha yangu inapanda nikiona tu mtu anakuja na gurudumu begani. Na mashirika mengi rubani na msaidizi wake hawali chakula cha aina moja, ili kikiwa kibovu asiugue na mwenzake. Nikamwambia mke wangu, unaona? Mshahara mkubwa kiasi hicho, lakini mwenzio akiletewa biriani wewe unaletewa kitu kingine, na kuonja sahani yake huruhusiwi. Akasema, "Nani kakwambia huko wanapika biriani?" Sikumjibu. Mwanamke akikosa hoja hujificha kwenye mambo madogo madogo.

Uwakili sikutaka hata kuugusa. Mwaka 2022 matokeo ya shule ya sheria ya mawakili yalitoka, kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja ni 26. Hiyo tuiache.

Iko moja ilinikaa kichwani. Huko Ulaya na Marekani inalipa vizuri sana: mtaalamu wa hesabu za bima. Anakaa na takwimu zake, anakokotoa watu wa umri fulani watakufa wangapi na lini, ili kampuni ijue itoze kiasi gani. Mitihani yake inakula miaka mpaka mtu anaoa katikati. Sasa nenda kaifanye hiyo kazi Tanga, nyumba ya kupanga, usiku wa manane, taa inawaka, mtu peke yake dirishani anahesabu watakaokufa. Mwezi hauishi, tumemwitia kikao.

"Na wakubwa wa mashirika?" mke wangu akauliza. Nikamkumbusha kwamba mwaka 2016 hayati Magufuli alisema mabosi wa mashirika ya umma waliokuwa wakichota mpaka milioni 40 kwa mwezi washushwe, mwisho milioni 15. Wewe fikiria umeshajenga maisha ya milioni 40, una mbwa wanne wanaokula nyama, unaamshwa asubuhi unaambiwa 15. Wale mbwa unawaelezaje? Mimi nikishuka kutoka 12,000 kwa siku mpaka 9,000, paka wetu hata habari hana.

Lakini kilichoniondoa tamaa kabisa ni karatasi ya mshahara ya mpwa wangu. Huyu ni mtoto wa dada yangu, mhandisi, yuko Dar es Salaam. Mshahara wake ni milioni 4. Mtaa mzima unajua, maana dada yangu anautangaza kuliko gari la matangazo. Alipokuja Idd nikamwambia, mpwa, nionyeshe hiyo karatasi. Akaifungua kwenye simu. Nikachukua boksi la tyubu, nikaligeuza upande mweupe, nikaanza kuandika.

Asilimia 10 inakwenda mfuko wa hifadhi ya jamii: 400,000. Hiyo atapewa uzeeni, wakati meno ya kutafunia nyama yameshaaga. Imebaki 3,600,000, hapo ndipo serikali inapovuta kiti. Kodi ina ngazi: 270,000 za kwanza haziguswi, halafu inaanza kwa adabu na asilimia 8, inakuja 20, inakuja 25, na kila kinachozidi milioni 1 kinakatwa asilimia 30. Jumla 908,000. Nikapiga tena nikidhani nimekosea. 908,000. Kisha mkopo wa chuo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 600,000. Zikabaki 2,092,000.

"Mjomba," akaniambia taratibu, "usiandike kwa nguvu. Inauma."

Na hapo fedha hazijatoka benki. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 kwa mpigo. Gari kanunua kwa mkopo ili awahi kazini, na kazini anawahi ili alipe mkopo wa gari. Harusi ndiyo usiseme: mtu wa milioni 4 hapewi kadi ya singo, anapewa ya dabo na ujumbe wa kamati juu. Kundi la ukoo kwenye simu likilia, wanalia na jina lake. Mama yake ana fungu lake. Wadogo zake wana fungu lao. Kuna na mjomba mmoja hivi wa Tanga, sitamtaja, ambaye mtoto wake anasoma shule ya basi la njano, naye anakumbukwa. Wote hao wanaishi kwenye zile 2,092,000, yeye mwenyewe kapanga humo chumba kimoja.

Tukaletewa pilau. Hajatia tonge, simu ikalia. Bosi. Siku ya Idd! Akainuka, akaenda uani, akasimama kati ya kuku: "Sawa bosi. Naiona bosi. Naituma sasa hivi bosi." Alikuwa anaiona nini pale kati ya kuku mimi sijui. Aliporudi pilau imepoa, na nyama nazo hazikuwa za kumsubiri mtu asiyejulikana atarudi lini.

Nikamsimulia habari za babu yetu, manamba wa mashamba ya mkonge. Kazi ilikuwa mateso, simsifii mkoloni hata kidogo. Lakini babu alikuwa na kipande chake, kadi ya siku 30 za kazi. Ukikijaza, kimejaa, unalipwa, unaanza kingine. Jioni ikifika mkonge unabaki shambani. Hakuna nyapara aliyemfuata babu chooni kumuuliza ile ripoti imefikia wapi. Wewe mpwa wangu, nikamwambia, umesoma miaka yote hiyo ukanunue kipande kisichojaa? Njoo uone mimi: saa kumi na moja jioni nafunga boksi la spana, na baiskeli ya mtu iliyobaki bila mnyororo haiwezi kunipigia simu.

Benchi zima likaguna kwa kukubali. Nilijisikia vizuri sana siku ile. Hata mke wangu alinyamaza.

Basi juzi namwona mpwa huyo anakuja kwa miguu, si Idd, si msiba. "Shikamoo mjomba." Marahaba. Akakaa, akatazama lile beseni la pancha kwa muda mrefu. Akasema, "Mjomba, maneno yako yameniingia. Naandika barua, naacha kazi. Nataka nije tukae wote hapa, unifundishe kupanga spoku."

Spana ikanitoka mkononi.

"Nani alikwambia unisikilize mimi?" nikamuuliza. "Mhandisi mzima unachukua ushauri kwa mtu aliyekaa juu ya ndoo?" Akasema lakini mjomba, usingizi sina. Nikamwambia usingizi utalala uzeeni, ile 400,000 unakatwa ya nini? Akasema pilau ile ilipoa. Nikamwambia pilau la baridi ndilo linalofaa tumbo, waulize wazee. Akasema bosi ananipigia mpaka Idd. Nikamwambia huyo anakupenda, ana wafanyakazi tele, siku tukufu kama ile kamkumbuka nani?

Sikumpa nafasi ya kufikiri. Nikampakia kwenye keria ya baiskeli ya mteja, nikampeleka mwenyewe mpaka stendi ya Kange, ulimi nje, jasho mpaka kwenye soksi. Tiketi nikamkatia kwa fedha yangu, jambo ambalo ukoo wetu haujawahi kuliona na hautaliona tena. Basi lilipoanza kurudi nyuma nikagonga dirisha. Akalifungua, akanyoosha mkono akidhani naaga.

"Ada ya muhula wa pili," nikamwambia, "mwisho tarehe 15."