Wanandoa wanaokwenda misioni watumwe wote wawili

Karibu kila mwaka, katika mji wa Ossining ulio kando ya mto Hudson, jimboni New York, kundi dogo la Wakatoliki wa Marekani hukaa pamoja kwa wiki kadhaa wakijiandaa kwenda kuishi mbali na kwao. Hawa ni walei, yaani waumini wasio mapadre wala watawa: walimu, wauguzi, watu wa ustawi wa jamii. Anayewaandaa ni Maryknoll Lay Missioners, shirika lililoanza mwaka 1975 ndani ya familia ya Maryknoll, yaani mashirika ya Kikatoliki ya kimisionari ya Marekani, na mkataba wao ni wa miaka 3 na nusu. Wengine hupangiwa Amerika ya Kusini, wengine huja kwetu Afrika Mashariki, Mwanza au Mombasa. Na miongoni mwao huwamo mke na mume.

Nazungumza kuhusu hao mke na mume, kwa sababu nimeishi nao jirani, nimesali nao, na wachache nimewasaidia kujifunza Kiswahili. Naamini kwa moyo wote kwamba Kanisa letu linawahitaji. Naamini pia kwamba sehemu kubwa ya maandalizi yao huishia kwenye safari (chanjo, viza, michango ya fedha, dawa za kuzuia malaria) huku ndoa yenyewe ikiachwa ijitegemee. Wakishafika huku, ndoa hiyo ndiyo kitu cha kwanza ambacho watu watakisoma.

Padre akihamia parokiani, waumini wanajua namna ya kumpokea. Sista vilevile. Wanandoa wageni ni jambo jingine. Watu wataangalia nani anakwenda sokoni, nani anafua, wakikosana wanasemeshana vipi mbele ya wageni. Mume akionekana anaosha vyombo huku mkewe akiongoza kikao cha kamati ya afya, habari itafika kigango cha mbali kabla ya Jumapili. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Hayo ni mahubiri ambayo paroko hawezi kuyatoa, kwa kuwa yeye hana mke wa kumwomba msamaha jioni. Ndiyo maana nachoka nikisikia mtu akisema wanandoa ni gharama tu, heri waletwe mapadre na watawa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa lote, katika hati yake ya Ad Gentes ya mwaka 1965, ulitamka wazi kwamba walei nao wana sehemu yao katika umisionari.

Na kabla ya Mtaguso kulikuwa na Priska na Akila. Mtume Paulo aliwakuta Korintho baada ya Kaisari Klaudio kuwafukuza Wayahudi Roma. Walikuwa mafundi wa mahema kama yeye, akakaa kwao, wakafanya kazi pamoja. Baadaye, Efeso, ni wao wawili waliomchukua Apolo wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Katika Agano Jipya lote hutamkuta Akila bila Priska, wala Priska bila Akila. Kanisa lilikuwa linakutana nyumbani mwao.

Sasa linganisha na yale ninayoyaona mara nyingi. Hospitali au shule inaomba mtu mmoja: daktari, mhasibu, mwalimu wa hesabu. Mume anakubaliwa, barua ya mwaliko inaandikwa kwa jina lake, na mke anaongezwa chini kama mtegemezi. Au kinyume chake. Kwa sheria zetu za uhamiaji hapa Tanzania, aliyeingia kama mtegemezi haruhusiwi kufanya kazi. Wamisionari na watu wa kujitolea hupewa hati ya ukaazi Daraja C, pamoja na kibali cha kazi, na kila mmoja anapaswa kuombewa ya kwake. Jambo hilo linatakiwa kujulikana miezi mingi kabla ya kupanda ndege. Nimemwona mwanamke msomi, mwenye miaka mingi ya kufundisha watoto wenye ulemavu, akikaa barazani kuanzia asubuhi hadi jioni kwa sababu karatasi zake zilisema yeye ni mke wa fulani. Mumewe alirudi kutoka kazini amechoka na kufurahi. Yeye alikuwa amechoka tu. Waliondoka kabla ya muda wao, na parokia ikasema eti mama alishindwa na joto.

Kwa hiyo ningewaambia wanaojiandaa: msikubali mwaliko usiotaja kazi ya kila mmoja. Kazi yenyewe si lazima iwe na ofisi. Kutembelea wagonjwa na jumuiya ni kazi. Lakini iandikwe, ijulikane, na anayeifanya awe na mtu wa kumpa taarifa.

La pili ni lugha, na hapa msimamo wangu ni mkali. Wote wawili wasome, kwa muda uleule, kwa kiwango kilekile. Kule Makoko, Musoma, kando ya Ziwa Viktoria, ipo shule ya lugha ambayo imepokea wamisionari kwa miongo mingi, na wengi wa wanaokuja kukaa muda mrefu huanzia huko. Mmoja akikatisha masomo kwa sababu hospitali inamhitaji haraka, nyumba inapata mkalimani na bubu. Anayejua lugha ndiye anayepokea wageni, anayealikwa, anayecheka. Mwenzake anabaki akitabasamu kando.

Halafu kuna suala la watoto. Hapa natamani walezi wao kule ng'ambo wawe wakweli zaidi. Wanandoa wasio na watoto wataulizwa, tena wiki ya kwanza, tena na mtu anayewapenda. Huku mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, na asipokuwa naye watu hawajui wamwiteje. Jumuiya moja ndogo ndogo ya Kikristo, majirani wanaosali pamoja, ilikuwa inakutana kwa zamu majumbani kila wiki, na zamu ilipofika kwa mke na mume wageni wasio na mtoto, bibi mmoja alitoa nia ya rozari: Mungu awajalie mtoto. Wote wakaitika. Wale wawili walikuwa wamepoteza mimba miaka michache nyuma na hawakuwahi kulizungumza vizuri hata wao kwa wao. Bibi hakukosea, alikuwa ametoa alichokuwa nacho. Ila mke na mume wanaojiandaa wakae chini wakiwa bado kwao, wakubaliane watajibu nini, na kama kuna kidonda, kiguswe na mtu anayejua kuwasikiliza.

Fedha nazo. Ataombwa ada mume akiwa njiani, ataombwa nauli ya hospitali mke akiwa jikoni. Kila mmoja atatoa kimya kimya kwa huruma, na mwisho wa mwezi watagombana juu ya jambo jema. Wapange kabla: kwa mwezi tunaweza kutoa kiasi gani, na hakuna anayejibu peke yake. "Ngoja niongee na mwenzangu" ni jibu ambalo kila Mtanzania analielewa na kuliheshimu.

Wazazi wanaoachwa nao wasisahaulike. Wakatoliki wa Marekani bado wanamkumbuka Jean Donovan, msichana mmisionari mlei wa miaka 27 aliyeuawa El Salvador tarehe 2 Desemba 1980 pamoja na masista watatu. Mama anayemsindikiza binti na mkwewe uwanja wa ndege ana haki ya kuogopa. Aambiwe ukweli kuhusu wanakokwenda, na ijulikane mapema nani atarudi, na kwa nauli ipi, mzazi akiugua.

Sisi wenyeji nasi tuna la kufanya. Tunapiga vigelegele siku ya mapokezi, tunavisha kitenge, kisha tunamwachia paroko mzigo wote. Ningependa kila parokia inayoomba wanandoa iteue mke na mume wa hapahapa, waliodumu katika ndoa, wawe walezi wao tangu siku ya kwanza: waende nao msibani, wawaonyeshe rambirambi hutolewaje, wawakemee wakikosea, na wapige hodi jioni ile ambayo taa ya sebuleni haikuwashwa. Majina ya hao walezi yawekwe kwenye barua ileile ya mwaliko, chini ya kazi ya mume na kazi ya mke.