Hesabu za Nahodha Nemo Zinatosha

Anayetaka kuunda kwa karatasi Nautilus, nyambizi ya Nahodha Nemo, aanze na maandishi ya Jules Verne, mwandishi wa Kifaransa aliyeibuni, picha zije baadaye. Wengi hufanya kinyume. Huchukua umbo la filamu ya mwaka 1954, lile alilobuni Harper Goff lenye misumeno mgongoni, wakalichapa, kisha wakashangaa mbona mwili unajikunja na kuacha nyufa. Umbo lile linapendeza mno, lakini limebinuka pande mbili kwa wakati mmoja, na karatasi hukubali kubinuka upande mmoja tu. Kulifuata ni kukata vipande vingi vyembamba kama vitambaa vya mwavuli na kuviunganisha ukingo kwa ukingo. Hiyo si kazi ya kuanzia.

Chombo cha Verne ni chepesi kuliko hicho. Katika riwaya ya Vingt mille lieues sous les mers, iliyoanza kutoka kwa mfululizo mwaka 1869, Nemo anamtajia Profesa Aronnax vipimo: silinda ndefu yenye ncha za koni, urefu mita 70, upana mita 8, eneo la nje mita za mraba 1,011.45, ujazo mita za ujazo 1,500.2. Urefu wa kila koni unaweza kuutafuta mwenyewe kutoka hapo. Koni mbili za mita 30 zikiwa na silinda ya mita 10 katikati hutoa eneo la takriban mita za mraba 1,012 na ujazo wa takriban 1,508. Tofauti na namba za Nemo ni ndogo sana. Kwangu hili ndilo jambo tamu kuliko yote katika kazi hii: namba za kwenye hadithi zinakubali kukatwa kwa mkasi. Silinda na koni ndiyo maumbo ambayo karatasi huyakubali bila ubishi.

Kwa skeli ya 1:200 chombo kizima kina urefu wa milimita 350 na kipenyo cha milimita 40. Silinda ni mstatili wa milimita 125.7 kwa 50, ukiongeza ulimi wa gundi wa milimita 6. Koni ni kipande cha duara: fungua bikari milimita 151.3, chora tao, kisha pima pembe ya digrii 47.6. Tao lake litakuwa milimita 125.7 vilevile, na ndipo koni na silinda zitakapokutana bila kupishana.

Tumia karatasi ya gramu 160 kwa mita ya mraba. Kabla ya kuchora, ibinue kidogo kwa urefu, kisha kwa upana. Inapobinuka kwa urahisi, mstari wa mkunjo ndio unaofuata nyuzi za karatasi, na nyuzi hizo lazima zilale kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Ukizikosea, silinda hupasuka mistari midogo na kuwa na pembe pembe badala ya kuviringana. Hata zikilala vizuri, ivute kwanza karatasi juu ya ukingo wa meza mpaka ijikunje yenyewe. Gundi ni ya kushika tu, isilazimishwe kutoa umbo.

Mataruma, yaani zile duara za ndani za kadibodi ya milimita 1, hukosewa na karibu kila mtu. Hukatwa kwa kipenyo cha milimita 40, halafu ngozi inagoma kufunga. Sababu ni unene: karatasi ya gramu 160 ina takriban milimita 0.2, nayo hula nafasi pande zote mbili. Kata milimita 39.6. Ndani ya koni weka duara ya 26.3 kwenye milimita 50 kutoka kitako, na ya 12.9 kwenye milimita 100. Funga kila kipande kwa duara yake, sugua kwa msasa mpaka kitako kiwe bapa, kisha gundisha duara kwa duara. Meno ya gundi yanayobandikwa kwa nje yataonekana daima, hata chini ya rangi.

Usijaribu kuviringisha koni mpaka nchani. Kata milimita 15 za mwisho, ambapo kipenyo ni milimita 4, kisha zungushia utepe wa karatasi wenye gundi kwenye kijiti cha meno, uache ukauke, uuchonge kwa msasa. Mbele hiyo ndiyo pembe ya chuma ya kutobolea meli. Nyuma ndiyo mhimili wa rafadha, yaani pangaboi la kusukumia chombo. Viungo vyote vya urefu vielekee chini, kwa sababu mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, utavifunika: utepe wa tabaka sita, kimo milimita 2.5.

Rafadha nayo Verne ameipa namba: kipenyo mita 6, na mwendo wa mita 7.5 kwa kila mzunguko. Kwenye modeli ni milimita 30. Kila panga la rafadha lisiwe bapa. Katikati ya urefu wake liiname digrii 38 hivi, na kwenye ncha digrii 22. Lisokote likiwa bado na unyevu wa gundi, kwani likikauka litavunjika.

Ukimaliza Nautilus, nenda kwenye Albatross, chombo cha kuruka cha riwaya nyingine ya Verne, ya 1886. Hadithi yenyewe inasema mwili wake ni wa karatasi iliyolowekwa dekstrini (aina ya gundi) na wanga na kubanwa kwa mtambo wa maji, kwa hiyo hapa karatasi haiigizi kitu kingine. Bandika tabaka kwa gundi ya wanga na uzikandamize chini ya uzito usiku kucha. Ukipaka upande mmoja tu, ubao utapinda. Albatross ina urefu wa mita 30, upana mita 4, na milingoti 37 inayobeba rafadha 74: milingoti 15 kila ubavu na 7 mirefu zaidi katikati. Kwa skeli ya 1:100 milingoti ya ubavuni huachana milimita 20 tu, basi kipenyo cha rafadha kisizidi milimita 18, la sivyo zitagusana. Milingoti iwe ya waya wa milimita 0.8. Toboa kadibodi mbili kwa pamoja, moja iwe sitaha, nyingine uishikilie juu kama kiongozi mpaka gundi ikauke. Bila hiyo ya juu, mlingoti wa tano utakuwa umeshainama na wa sita utaufuata.