Machungwa Nane pale Savei

Kabla hamjaendelea kusambaza ile voisi ya jamaa yangu, eti nilianguka na baiskeli nikiwa kasi: si kweli. Nilianguka nikiwa nimesimama, na ndicho kinachoniuma.

Mnaijua baiskeli yangu ya mtumba, fremu ya chuma ya miaka ya 1970. Masikio ya nyuma, yale yanayoshika ekseli ya gurudumu, yana kromu, na midomo yake (uwazi wa kuingizia ekseli) inaangalia mbele. Kwiki yake ya zamani, ile ya kubania gurudumu kwa mkono bila spana, niliitoa nikaweka ya aluminiamu. Kisa urembo. (Chekeni tu.)

Basi napandisha Savei, hapa Dar, kwenda Chuo Kikuu, boda wote wako kijiweni, mimi na kaptula ya kubana. Nikasema leo watanitambua. Nikainuka kwenye kiti, nikaushindilia mguu wa kulia. Krrk! Cheni imevuta ekseli mbele upande wa kulia, tairi likapinda pua kushoto, likabana kwenye fremu. Baiskeli tuli. Miguu yangu imefungwa kwenye pedeli kwa mikanda ya ngozi. Nikabaki wima. Kijiwe kizima kimya. Nikaanza kuinama kushoto, polepole, kama mpapai uliooza shina. Muuza machungwa akaniona nakuja, akaniomba kwa upole kabisa: "Kaka, usije huku."

Nikaenda huko.

Niko chini, bado nimefungwa, boda mmoja ananiuliza: "Braza, kwani ukifika si unashuka kwanza?"

Fundi alicheka mpaka akaweka spana chini. "Kijana, aluminiamu haing'ati kromu." Kwiki hizi nyepesi zinafaa fremu za sasa, ambazo midomo inaangalia chini, ekseli haina pa kukimbilia. Kwa fremu kama yangu ni ile ya zamani: meno ya chuma, kikamio (kile kinachobana ukilaza mkono) kimefichwa ndani ya kichwa cha kwiki na kina grisi. Akapima pia ncha za ekseli, zisitokeze nje ya masikio. Zikitokeza, kwiki inabana ekseli, fremu inaachwa hewani. Springi za kwiki, upande mwembamba unatazama ndani. Halafu mkono wenyewe wa kwiki (mimi nilikuwa nauzungusha kama nati, msimwambie mtu): uanze kukaza ukiwa umenyooka sambamba na ekseli, na ukiulaza ukuachie alama kiganjani.

Nimelipa machungwa nane. Jamaa yangu kwenye voisi anasema kumi na mawili. Yale manne alikula yeye, wakati mimi nafunguliwa mikanda.