NULL kwenye jedwali: izuiwe au iachwe?

Ukiunda jedwali kwa SQL, lugha ya kuunda na kuuliza hifadhidata, bila kusema lolote kuhusu nafasi tupu, kwa kawaida kila safu isiyo ufunguo mkuu (safu inayotambulisha kila mstari) itaruhusu NULL, yaani alama kwamba thamani haipo. E. F. Codd, mtafiti wa IBM aliyeweka msingi wa hifadhidata za kimahusiano, yaani zinazopanga data kwenye majedwali, mwaka 1970, aliitetea alama ya taarifa isiyopo. Chris Date, aliyefanya naye kazi kwa karibu, ameipinga kwa miaka mingi. Kila upande una hoja nzito, na anayeandika maswali ya SQL kila siku huangukia katikati ya ubishi huo hata kama hajawahi kuusikia.

Chukua chama cha akiba na mikopo. Kina jedwali la wanachama na jedwali la mikopo, na kwenye mikopo kuna safu ya mdhamini inayobeba namba ya mwanachama. Meneja anataka majina ya wanachama ambao hawajamdhamini mtu:

SELECT jina FROM wanachama
WHERE namba NOT IN (SELECT mdhamini FROM mikopo);

Mkopo mmoja tu ukikosa mdhamini, swali hili halileti jina hata moja. Kwa mwanachama namba 7, SQL hupima hivi: 7 si 3, kweli, 7 si 5, kweli, 7 si NULL, haijulikani. Ukiziunganisha kwa AND, jibu ni haijulikani, na WHERE hupitisha mistari ya kweli pekee. Dawa ni kutumia NOT EXISTS, au kuongeza WHERE mdhamini IS NOT NULL ndani ya swali la ndani. Ubaya ni kwamba mfumo haulalamiki popote. Orodha inatoka tupu, na msomaji anaamini kwamba wote wamedhamini.

Mtego huohuo umo kwenye WHERE hali <> 'imelipwa', ambayo huacha nje mikopo ambayo hali yake haijaandikwa. Tena kanuni hugeuka: CHECK (riba > 0) huikubali riba iliyo NULL, kwa sababu CHECK, sharti linalokagua data inapoingizwa, hukataa uongo tu, ilhali WHERE hudai ukweli. Kwa hiyo wanaosema NULL inavuruga akili hawatii chumvi.

Lakini tazama kinachowekwa mahali pake. Tuseme marejesho manne ya mwezi ni 40,000, 60,000, na mawili yana NULL. AVG, yaani wastani, huruka NULL na kutoa 50,000. Ukijaza sifuri, wastani unashuka hadi 25,000. Kama wanachama wale wawili kweli hawakulipa, 25,000 ndiyo sahihi. Kama karani hajaingiza risiti zao, sifuri umeitunga wewe. Tarehe ya bandia kama 1900-01-01 ni mbaya zaidi, kwa kuwa huingia kwenye hesabu ya umri bila kuonekana. Simu tupu ya '' kwenye safu yenye UNIQUE, isiyoruhusu thamani kujirudia, humkataa mwanachama wa pili asiye na simu, wakati mifumo ya hifadhidata ya PostgreSQL na MySQL ingekubali NULL nyingi hapo. SQL Server hukubali moja tu, na Oracle huihesabu '' yenyewe kuwa NULL, kwa hiyo anayehamisha data kati ya mifumo hii ajaribu hilo mapema.

Wapinzani wa NULL wana jibu bora kuliko thamani za bandia: toa safu ya mdhamini, unda jedwali la udhamini lenye safu mbili, mkopo na mdhamini, zote NOT NULL, yaani haziruhusu NULL. Mkopo usio na mdhamini hauna mstari humo. NOT IN inakuwa salama, na mkopo mmoja unaweza kuwa na wadhamini watatu. Kwa mdhamini, naona huu ndio mpango sahihi. Hata hivyo NULL haijaondoka: ukitaka orodha ya mikopo yote pamoja na wadhamini wake utatumia LEFT JOIN, nayo huzirudisha NULL kwenye matokeo. Ukiweka sharti la jedwali la kulia (hapa, udhamini) kwenye WHERE badala ya ON, sehemu inayosema majedwali yaunganishwe vipi, mikopo isiyo na mdhamini inapotea tena. Na kutengeneza jedwali la pembeni kwa ajili ya jina la kati au tarehe ya kufunga akaunti ni mzigo usio na faida.

Msimamo wangu unaelemea upande wa kuzuia: kila safu ianze na NOT NULL, na ifunguliwe pale tu mbunifu anapoweza kutaja maana moja ya nafasi tupu. Tarehe ya kufunga akaunti inafaulu, maana tupu ni "bado iko wazi". Rejesho halifaulu, maana tupu inaweza kuwa "hajalipa" au "haijaingizwa". Hapo ongeza safu ya hali inayotofautisha hayo mawili.

Kwa jedwali ambalo tayari linatumika, kwanza hesabu mapengo: COUNT(*) toa COUNT(mdhamini), kwani ya kwanza huhesabu mistari yote na ya pili haihesabu NULL. Yajaze kwa taarifa za kweli, kisha ndipo ubadili safu iwe NOT NULL. PostgreSQL hulifunga jedwali wakati inakagua mistari yote, hivyo kwa jedwali kubwa fanya kazi hiyo baada ya saa za kazi.